Soko la vinyago la Mwenge: macho ya mnunuzi na mkono wa mchongaji

"Kipenda roho hula nyama mbichi," aliniambia muuzaji wa banda la kwanza nililoingia katika soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, nilipomwonyesha kwamba watu waliochongwa juu ya mnara wake wa ujamaa, yaani kinyago cha watu wanaobebana, walikuwa na mikono isiyoanzia begani wala kufika popote. Alimaanisha kwamba uzuri wa kinyago hauna kipimo, na kwamba kisichonipendeza mimi kitampendeza mwingine. Nimekwenda sokoni hapo mara tatu nikitafuta kinyago cha kuweka sebuleni, na baada ya safari hizo siwezi kukubaliana naye, ingawa methali yake ina mahali pake.

Nianze na mti, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi hudanganywa. Mpingo una kiini cheusi kilichozungukwa na utando mwembamba wa mti mweupe, na ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini huzama. Miaka ya nyuma, mahali pengine, niliuziwa kinyago cheusi ambacho kitambaa kibichi kilikivua weusi wote, kwani kilikuwa mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Hata hivyo, mti hutupa habari za uaminifu wa muuzaji zaidi kuliko za sanaa: barakoa za ngoma ya mapiko ya Wamakonde huchongwa kwa mti mwepesi, maana mchezaji huzivaa kichwani, na hakuna anayezifahamu atakayezidharau kwa kukosa mpingo.

Safari ya pili ndiyo iliyonifunza. Nyuma ya mabanda nilimkuta mzee mmoja akichonga, naye akanipangia minara mitano ya ujamaa na kuniuliza ni upi ulio bora. Nilichagua uliong'aa kuliko yote. Yeye aliugusa mwingine, ambao msasa haukuupitia sana, akasema, "Mwanangu, tazama uzito unakwenda wapi." Mnara wa ujamaa hutoka katika gogo moja lisilo na kiungo, watu wakibebana tangu chini hadi juu, na kwa kuwa kilichoondolewa kwa tezo hakirudi, mchongaji hulazimika kuwaona watu wote kabla ya pigo la kwanza. Katika mnara aliouchagua, mgongo wa mtu wa chini ulikuwa umepinda hasa pale mguu wa mwenzake ulipokanyaga. Katika ule wangu, watu walikuwa wamebandikwa kama vifungo vya shati. Akaitwa fundi mwingine aliyekuwa akifanya kazi mbali nasi, asiyesikia tuliyoyasema, naye akachagua ule ule wa mzee na kuuweka wangu mwisho. Mafundi wawili si ushahidi wa kumaliza ubishi, na huenda walifunzwa kutazama kwa namna moja. Kilichonishawishi ni kwamba kila sababu waliyoitoa iliweza kuguswa kwa kidole, na nilipokwisha kuonyeshwa, sikuweza tena kuutazama mnara wangu kama nilivyoutazama mwanzo.

Vinyago vya shetani, mtindo unaohusishwa na mchongaji wa Kimakonde Samaki Likankoa tangu miaka ya 1950, huonekana kumtetea yule muuzaji, kwa kuwa humo viungo hupotea, jicho huwa moja, na tundu la gogo hugeuzwa kuwa mdomo. Lakini katika shetani aliyechongwa vizuri, mkono usiokuwapo huyapeleka macho mahali pengine palipokusudiwa, na katika mnara wa muuzaji yule macho yanafika hapo na kukwama. Kinyago hupimwa kwa kile ambacho mchongaji alikitaka kutoka kwenye gogo. Kati ya shetani mwema na ujamaa mwema, hapo sasa roho ya mtu ndiyo ichague. Mke wangu anampenda shetani, mimi naupenda mnara, na hakuna kati yetu anayekosea.

Wauzaji ni wakarimu, hawakufukuzi hata ukikaa saa nzima bila kununua, na kupatana bei ni jambo la kawaida. Ninachokilalamikia ni kwamba katika mabanda niliyopita bei ilipangwa kwa urefu na mng'ao, hivyo mnara ule bora niliupata kwa bei ndogo kuliko ule uliong'aa, na vinyago vingi nilivyovigeuza havikuwa na jina la aliyevichonga. Nilimwomba mzee aandike lake. Alicheka kidogo, akaulaza mnara mapajani, akachukua patasi ndogo na kulichonga jina lake kwenye kitako, herufi kwa herufi, kwa uangalifu ule ule alioutumia kwenye migongo ya watu wake.