Shangi katika bustani ya nyumbani: kiazi chepesi kukomaa, kigumu kuhifadhi

Mtu mwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba hana sababu ya kupanda kiazi kinachokaa ardhini miezi minne. Anachohitaji ni kiazi kitakachopandwa masika yanapoanza, kitakachong'olewa mapema, na kitakachoachia nafasi sukuma wiki au maharagwe kabla msimu haujaisha. Kwa kipimo hicho nimeipima mbegu ya Shangi iliyothibitishwa, niliyoipanda katika bustani ndogo upande wa Limuru, kwenye nyanda za juu zenye baridi za Kenya, na maoni yangu ni kwamba kwa kiazi cha kupikwa mara tu kinapotoka shambani sijaona kinachoishinda kwa urahisi, ila ina ila zake, na namna inavyouzwa haimjali kabisa mwenye bustani ndogo.

Shangi si aina iliyoanzia maabara. Ilienea mikononi mwa wakulima wa nyanda za juu za Kenya kwanza, wakapeana mbegu kwa magunia na kwa vikapu, na ilipofika mwaka 2015 ndipo ikaidhinishwa rasmi kuwa aina inayotambuliwa. Kufikia wakati huo ilikuwa tayari imejaa sokoni, na hadi leo mtu anayenunua viazi Nairobi bila kutaja aina huenda akarudi nyumbani na Shangi. Kiazi chenyewe kina umbo la yai, ganda jeupe linaloelekea rangi ya malai, na macho yenye wekundu wa waridi ambayo yamezama kiasi, jambo ambalo anayemenya kwa kisu atalitambua upesi. Hukomaa kwa takriban miezi mitatu, na katika joto la wastani mtu anaweza kuanza kula kabla ya hapo. Mahali palipo juu sana, au msimu wa baridi ya Julai, kiasi hicho huongezeka na hapana haja ya kuilaumu mbegu.

Wepesi huu unaandamana na tabia moja ambayo ni baraka na balaa kwa pamoja: Shangi hailali. Viazi vingi vikishachimbwa hukaa wiki nyingi bila kuchipua, lakini Shangi huanza kutoa machipukizi hata kabla ya mwezi kuisha. Kwa mpandaji ni faida kubwa, kwa kuwa mbegu iliyovunwa mwishoni mwa msimu mmoja huwa tayari kupandwa mvua za vuli zinapofika, bila kuhitaji hila zozote za kuiamsha. Mbegu niliyoipokea ilikuwa na machipukizi mafupi, manene, yenye rangi ya kijani iliyochanganyika na zambarau, dalili kwamba ilihifadhiwa mahali penye mwanga usio wa jua kali. Hayo ndiyo machipukizi ya kutafuta. Mbegu iliyowekwa gizani hutoa mikia mirefu myeupe inayokatika mara tu kiazi kinapotolewa mfukoni, na kila mkia ukikatika nguvu ya kiazi imepotea pamoja nao.

Sasa nije kwenye ununuzi, ambapo sina maneno mazuri. Mbegu iliyothibitishwa hufungwa katika mifuko ya kilo 50. Hebu tupige hesabu: nafasi inayopendekezwa ni sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mche na mche, kwa hiyo kitalu cha mita 5 kwa mita 4 kinachukua takriban miche 90. Kwa mbegu zenye ukubwa wa yai la kuku, zenye uzito wa karibu gramu 50 kila moja, hizo ni kilo nne na nusu tu. Mfuko mzima unatosha zaidi ya mita za mraba 200, eneo ambalo wengi wetu hatuna hata tukihesabu maegesho ya gari. Duka la pembejeo nililolitembelea kwanza lilikuwa na suluhisho lake, nalo ni kufungua mfuko na kuuza kwa kilo. Nilipouliza lebo iko wapi, niliambiwa imebaki kwenye mfuko uliokwisha, na mfuko wenyewe haukuonekana. Bila lebo inayoonyesha aina, daraja la mbegu na namba ya shehena iliyokaguliwa na KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua mbegu na afya ya mimea, mnunuzi amebaki na viazi vya kula alivyouziwa kwa bei ya mbegu. Niliondoka, na hatimaye tukachanga fedha na majirani tukanunua mfuko mmoja ambao haujafunguliwa, tukagawana. Nawashauri wengine wafanye vivyo hivyo, kwa sababu kugawana kwa haki ni rahisi kuliko kuondoa ugonjwa uliokwisha kuingia udongoni.

Ugonjwa ninaousema ni mnyauko wa bakteria. Huu hauna dawa, hukaa udongoni kwa miaka, na husafiri ndani ya kiazi ambacho kwa nje kinaonekana kizima kabisa. Mche unaonyauka mchana ilhali udongo una maji unapaswa kutiliwa shaka papo hapo: kata kipande cha shina karibu na ardhi, kitumbukize ncha katika glasi ya maji safi bila kukitikisa, na baada ya dakika chache, kama ni bakteria, utaona nyuzi nyeupe kama za maziwa zikishuka taratibu. Kwa mwenye bustani ya nyumbani kuna hatari moja inayosahaulika, nayo ni managu (mnavu). Sote twajua kwamba nyanya na biringani ni wa ukoo mmoja na viazi, lakini managu pia ni wa ukoo huo, na ndiyo mboga inayojiotea yenyewe katika kila kona. Kupanda Shangi mahali palipokuwa na managu msimu uliopita ni kuyakaribisha magonjwa yaliyokwisha kujenga makao.

Upandaji wenyewe haukuwa na mengi. Mifereji ya kina cha sentimita 10, samadi iliyooza vizuri, mbolea ya DAP kiasi cha gramu 50 kwa mita moja ya mraba iliyochanganywa na udongo ili isiguse mbegu, macho yakitazama juu. Miche ilitoka karibu kwa pamoja, jambo ambalo mbegu ya kuokotea sokoni hailifanyi. Kazi inayohitaji bidii ni kupandisha udongo, kwa maana Shangi hutengeneza viazi karibu na uso wa ardhi, na kiazi kinachopigwa na jua hugeuka kijani, huwa kichungu na kina sumu. Pandisha udongo miche ikifika urefu wa kiganja na vidole vyake, kisha urudie kabla majani hayajafunika mistari.

Katika suala la ukungu wa majani, ambao wakulima huuita blaiti, Shangi inahitaji ulinzi. Masika ya nyanda za juu, yenye ukungu wa asubuhi na manyunyu ya siku nzima, ndiyo hali ugonjwa huu unayoipenda, na jani lenye doa jeusi lililozungukwa na utando mweupe kwa chini linaweza kuangusha kitalu kizima katika muda usiozidi wiki moja au mbili. Anayesita kutumia dawa za ukungu katika bustani ya nyumbani ana haki ya kusita, lakini ajue kwamba akipanda Shangi wakati wa mvua nyingi bila dawa ya kinga yenye mankozebu anacheza kamari. Uzuri ni kwamba muda wake mfupi humpunguzia mtu idadi ya mara za kupulizia. Anayeweza kumwagilia angepanda mvua zikikaribia kupungua, na mimi naona huo ndio wakati unaoifaa zaidi bustani ndogo.

Mavuno ndiyo yaliyonifanya niandike haya. Baada ya maua kuanza kupukutika hapana haja ya kung'oa mche: unaingiza mkono ubavuni mwa tuta, unapapasa udongo uliolegea, unatoa kiazi kimoja au viwili vilivyofikia ukubwa wa ngumi, kisha unarudisha udongo na kuuacha mche uendelee na kazi. Kiazi kilichotoka hivyo kina ganda jembamba mno, ukilisugua kwa kidole gumba chini ya bomba linatoka lenyewe, na kisu kinabaki kabatini. Kikichemshwa huiva upesi kuliko viazi vya duka, hivyo anayekigeuzia mgongo atakikuta kimepasuka na maji yamekuwa uji. Kwa mukimo na kwa viazi vya kuponda sifa hiyo ni njema sana. Kwa mchuzi unaotakiwa kubaki na vipande vizima, kitie mwisho. Chipsi zake ni nzuri, na wauzaji wa chipsi wa mjini hawakuichagua kwa bahati, ingawa kiazi kichanga sana hutoa chipsi laini zisizokauka vizuri. Anayetaka chipsi na asubiri majani yageuke manjano.

Kuhusu wingi, Shangi hutajwa kutoa kati ya tani 30 na 40 kwa hekta ikitunzwa vyema, yaani kilo 3 hadi 4 kwa mita ya mraba. Wakulima wengi hawafikii hata nusu ya hapo, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo huanzia kwenye mbegu.

Udhaifu mkubwa unakuja baada ya kuvuna. Anayefikiri atajaza gunia na kulila polepole hadi msimu ujao atasikitika, kwa kuwa kiazi kisicholala huchipua ghalani, husinyaa, na kupoteza utamu. Kwa hiyo panda kwa awamu, mstari mmoja leo na mwingine wiki tatu baadaye, ili ardhi yenyewe iwe ghala.

Aliye mahali penye joto zaidi kuliko Limuru aitazame Unica, aina yenye ganda jekundu, ambayo nayo hukomaa mapema na huvumilia joto vizuri zaidi. Na kwa mwenye kitalu kimoja tu, siku hizi kuna miche ya vipandikizi inayoanzia maabara na kukuzwa katika banda la kitalu, ambayo huuzwa kwa idadi wala si kwa mfuko. Sharti lake ni maji tangu siku ya kwanza, kwa kuwa mche wa aina hiyo hauna kiazi mama cha kuutegemea, na ukikaushwa siku mbili za jua hautainuka tena.