Meza ya mandhari au bao la pembe sita? Uzoefu wangu na fundi aliyeziba Ngome

Natanguliza uamuzi, asiye na muda aondoke nao: ukiwa Mombasa na unataka kucheza michezo ya vita ya mezani, usitie pesa yako kwenye meza ya mandhari. Chukua bao la pembe sita, yaani ramani iliyogawanywa vyumba vyenye pembe sita, lichapishe kwenye bena, likunje, lipachike kwapani, nenda zako. Vilima vya kuchonga, kuta, miti ya waya na mchanga wa kugandisha kwa gundi, waachie wenye vyumba vikavu na mafundi wanaosikia wakiambiwa.

Nina hasira, na hasira ina sababu.

Sisi ni watu wachache tunaokutana jioni za wikendi katika chumba cha ghorofani huku Mji wa Kale. Safari hii tulitaka kucheza kuzingirwa kwa Fort Jesus, Ngome yetu ya Mombasa, tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698: Waomani nje, na ndani Wareno pamoja na Waswahili waliokuwa upande wao. Kuna wakati Wareno wa ndani walikwisha kwa maradhi, na ulinzi ukashikwa na Bwana Daud, mtu wa Faza kisiwani Pate. Vita hivyo ni vyetu, na karibu vyote vinategemea bahari. Mji ulikuwa umeshikwa, lakini Ngome ilikuwa na njia ya matao iliyokatwa kwenye mwamba wa matumbawe ikateremka mpaka majini. Mashua ikifanikiwa kupenya, chakula na watu wanaingia. Ukiiondoa njia hiyo, Waomani wanashinda kabla chai haijapoa na hamna mchezo tena.

Nikaenda karakana moja upande wa Likoni, wanaotengeneza mabango na mapambo ya jukwaa la harusi. Kazi zao za stairofomu nilikuwa nimeziona harusini, nguzo na matao yamesimama vizuri. Nikamchorea fundi kila kitu. Nikampelekea picha ya Ngome kutoka juu, na buruji zote nne kwa majina yake: São Filipe, Santo Alberto, São Matias, São Mateus. Penye njia ya matao nikatia wino mwekundu. Nusu ya malipo nikampa arubuni papo hapo.

Na nikamwambia, kwa adabu kabisa, “Fundi, stairofomu hii usiipulizie rangi ya kopo moja kwa moja. Ipake kwanza gundi nyeupe iliyochanganywa na mchanga, iache ikauke, ndipo upulize.” Hili si kujitia ujuzi. Stairofomu ni polistirini, na viyeyusho vilivyomo kwenye rangi za kupuliza, asetoni na wenzake, vinaila kama haina ngao juu yake. Akanijibu, “Shekhe, kazi hii nimeianza wewe hujaota ndevu.”

Siku ya kuileta tukaivusha kwa feri juu ya mkokoteni, imefungwa shuka, watu wanauliza kama ni jeneza. Tukaipandisha ngazi kwa taabu. Tukafunua.

Upande wa bara ulikuwa mzuri, nisimdhulumu. Mawe yamechongwa moja moja, mpaka weusi wa mvua ukutani kautia. Upande wa bahari ndio ulionikata maini. Ukuta una vishimo vidogo vidogo vya kuliwa na rangi, ukiugusa unabonyea, na buruji moja imeinama kama mshumaa ulioachwa juani. Nikatafuta matao. Nikapitisha kidole, hamna. Mahali pale pamejazwa puti ya magari, ikapigwa msasa ikawa laini, ikapakwa rangi ya ukuta. Ukikazana kuangalia unaona mviringo wa puti umepasuka ufa mwembamba kandokando. Yaani alipuliza rangi, sehemu ile ikayeyuka, akaziba, akanifunikia shuka.

Nikampigia simu. Wala hakukana. “Iliyeyuka kidogo, ami, nikaiziba. Si mnacheza tu?” Nikamwambia hapo alipopaziba ndipo mchezo wenyewe ulipo. Akasema, “Kwani mtahamia humo? Mtu mzima na vinyago.” Akakata.

Si mnacheza tu! Mimi hilo halijanitoka. Mwaka 1812 bwana mmoja wa Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, jina lake Reisswitz, alimpelekea mfalme wake meza nzima ya vita, yenye vipande vya plasta vya kupanga mito, vijiji na vilima. Mwanawe akaja mwaka 1824 na mchezo huohuo juu ya ramani za karatasi, na jeshi la Prussia likauchukua kufundishia maafisa. Watu walikwenda vitani wakiwa wamefundishwa kwa mchezo. Mtu anayelipwa kutengeneza kitu hana haki ya kukipima kwa dharau zake. Harusi nayo ni siku moja tu, mbona huko hazibi mlango wa jukwaa?

Angalieni pia kwamba hata kwa hao Waprussia meza ya plasta iliiachia nafasi ramani. Meza ya mandhari ni nzito, ni ghali, na huku kwetu ina adui wa ziada. Ubao wa chini fundi aliupaka rangi upande mmoja tu, na plaiwudi ikilowa upande mmoja inajikunja. Ilipoingia masika, pembe ziliinuka na askari wakawa wanateleza kuelekea katikati bila amri ya mtu.

Halafu kuna ugomvi. Kwenye mandhari kila kitu kinapimwa kwa tepu, na kuona kunaamuliwa kwa jicho. Unainamisha kichwa nyuma ya askari wako, unasema namwona yule pale juu ya ukuta. Mwenzako anainama upande wa pili, anasema unaona kofia tu, kofia si mtu. Chai inapoa, watu wanapandisha sauti. Bao la pembe sita linayamaliza hayo. Kwenye miraba ya kawaida ukienda mshazari hatua moja inakuwa ndefu kuliko ya kwenda mbele, karibu mara 1.4, lakini pembe sita zina majirani sita na wote wako umbali mmoja. Ndiyo sababu Charles S. Roberts wa Avalon Hill, kampuni ya michezo kule Marekani, alipoziingiza kwenye michezo yake mwaka 1961, wengi walimfuata. Unahesabu vyumba, unatupa dadu, basi.

Kwa hiyo nikachora, nikawapelekea wachapaji wa bena mjini, na kazi yao ilikuwa safi: mistari imenyooka, rangi hazikuchuja, mtu wa kaunta alinisalimu na kunisikiliza. Nawasifu. Bena linapanguswa kwa kitambaa, ukungu haulipati, unyevu hauligusi. Njia ya matao ni vyumba viwili vya rangi ya samawati na hakuna wa kuviziba.

Tukacheza. Ami mmoja jirani yetu, bingwa wa bao la kete, alikuja kutazama akaishia kushika upande wa Waomani. Mtu aliyezoea mashimo 32 na kete 64, anayejua kuilinda nyumba yake huku akihesabu mtaji wa mwenzake, pembe sita zilimpa tabu gani? Tulikuwa bado tunamweleza kanuni, yeye kishafunga vyumba viwili vya samawati kwa mashua zake. Mchezo ulikwenda mbio, hakuna aliyegombana, ukaisha mapema. Hapo nilikuwa tayari kuandika nyota tano na kulala.

Lakini katikati ya mchezo ami aliuliza, “Ngome yenyewe iko wapi?” Nikamwonyesha vyumba vya hudhurungi. Akasema ahaa, akaendelea kuhesabu.

Ahaa tu! Ngome hiyohiyo anayoipita kila siku akienda sokoni. Nami nikakumbuka usiku ule tulipofunua meza, hata katika hali ile mbovu. Kabla hatujauona upande wa bahari, kila mmoja wetu aliinama mpaka jicho likawa sawa na ukuta. Mpwa wangu alisimama nje ya Ngome, akatazama juu, akauliza watu wa ndani walikuwa wanakunywa maji gani. Kwenye bena hakuna aliyeuliza maji. Hakuna aliyeinama. Tulizingira rangi ya hudhurungi, tukaihesabu, tukaishinda. Ningeweza kuandika juu yake Gettysburg ya Marekani au Kisumu, mchezo ungekwenda vilevile.

Basi yale niliyosema mwanzo nayafuta, au nayapunguza makali. Anayetaka kuhesabu achukue pembe sita, hatajuta. Anayetaka kuzingira Ngome atengeneze Ngome. Ugomvi wa kofia nauvumilia, kwa sababu watu wanagombana juu ya kitu wanachokiona. Mpango wetu sasa ni kutandika bena chini na kusimamisha juu yake kuta na buruji peke yake, tena za plastiki ya kuchapishwa au mbao iliyopakwa rangi pande zote mbili, kisha mwendo uhesabiwe kwa vyumba na kuona kuamuliwe kwa jicho. Utafanya kazi au hautafanya, sijui, lakini ukuta lazima usimame.

Ndiyo maana fundi yule ananiuma zaidi sasa kuliko siku ile ya simu. Angekuwa hajui kuchonga ningemsahau. Anajua! Upande wa bara unaonyesha mkono wake. Tungekuwa na Ngome nzima kama angefuata sentensi moja kuhusu gundi na mchanga, na baada ya kuharibu angesema tu imeharibika. Ningemnunulia stairofomu nyingine mwenyewe.

Badala yake anatuma watu kudai nusu iliyobaki, eti kazi ilikamilika. Nimemjibu kwa mdomo wa waliotumwa: meza iko hapa juu, haijatupwa, aje na kisu chake atoboe matao mpaka mwanga upite kutoka upande wa pili. Akishatoboa nitamhesabia pesa yake palepale mezani.