Ofisi ya hatifungani Mbeya mjini: nilimpeleka shangazi, huduma nimeiona hivi

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Jina la ofisi sitalitaja, kazi ninayofanya hainiruhusu kupigia debe biashara ya mtu wala kuichafua, kwa hiyo ntaongelea huduma tu, na wewe ukiingia ofisi yoyote ya namna hii, iwe Mbeya, Iringa au Njombe, utakuwa na pa kuanzia.

Mi ni wakili wa serikali, huu mwaka wa tisa, na kila siku nashinda na makaratasi ya hatifungani (unaikopesha serikali au kampuni, inakulipa riba mpaka irudishe mtaji) pamoja na zile za kufunga madeni kifurushi, yaani mtu anadai watu elfu kumi, anayakusanya yale madeni anayauza kwa wawekezaji kama karatasi moja, alafu sisi tunakaa na waraka wa matarajio, ule wa kumueleza mnunuzi anachonunua, wa kurasa mia na kitu, tunauliza pesa inatoka wapi, inapita akaunti gani, nani analipwa kwanza, ikipungua nani anakosa, na sheria imefuatwa au haijafuatwa. Watu wanadhani ni kazi ya mahesabu. Kwangu mimi ni swali moja tu, nani anadaiwa na nani. Ila kwa miaka yote hiyo sijawahi kukaa upande wa pili wa meza, pale ambapo ule waraka unageuka kuwa maneno ya kijana wa ofisini anayemueleza mama mwenye hela yake kwenye pindo la kanga.

Basi mwezi wa saba nikapanda nyumbani likizo, baridi ya Uyole mnaijua, na shangazi yangu akanikalisha jikoni akaniambia mwanangu nina milioni nane. Ni hela ya viazi, ya misimu minne, na kashamba kadogo alikokauza. Kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa kuna mwenzake anapata riba ya serikali kila miezi sita inaingia benki bila kugombana na mtu, na yeye anaitaka hiyo hiyo, ile ya miaka 25 yenye asilimia 15.95 ambayo kila mtu anaitaja tangu 2021. Nikamwambia sawa shangazi kesho tunaenda, ila mi sisemi kitu, utaongea nao mwenyewe. Nilitaka nione anahudumiwaje mtu asiye na wakili pembeni.

Tukapanda daladala Uyole tukashuka Kabwe, tukachukua bajaji mpaka mjini. Ofisi iko ghorofa ya pili, ngazi ni ndefu na lifti hakuna, kwa mtu wa magoti kama shangazi hilo ni tatizo la kweli na wangeweza hata kuweka meza chini siku mbili kwa wiki. Leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, imebandikwa ukutani, imeandikwa kwa jina la dalali mwenyewe na bado haijaisha muda, hilo niliangalia kabla sijakaa na wewe angalia hivo hivo, kwa sababu tangu sheria ya masoko ya mitaji ya 1994 biashara hii haifanywi bila leseni, na matapeli wa upatu huwa wanabandika vyeti vya kila aina isipokuwa hicho.

Aliyetupokea kwanza ni kijana mmoja, mchangamfu, kaamkia vizuri, lakini sentensi yake ya tatu ikanishtua. Alimwambia shangazi, mama hii haina hatari yoyote, asilimia mia, weka zote.

Jamani. Hiyo sentensi mimi nikiikuta kwenye waraka naupiga wino mwekundu na waraka unarudi ulikotoka. Hatifungani ya serikali ni salama kuliko nyingi, nakubali na hela yangu mwenyewe iko huko, lakini hatari ya kutolipwa ni moja tu kati ya kadhaa, kuna hatari ya kuhitaji hela mwaka wa tatu ukakuta bei sokoni imeshuka, kuna bei za vitu kupanda riba ikabaki pale pale. Mtu anayeuza viazi hela yake yote iko kwenye mzunguko wa mbegu na mbolea, ukimwambia weka zote hujamuuliza hata swali moja la maisha yake. Nilikaa kimya kwa shida kweli.

Bahati nzuri dada wa meza ya pili alisikia akaja, na kuanzia hapo huduma ikawa nyingine kabisa. Yeye ndo sababu ya nyota zote nilizotoa. Alivuta kiti akakaa karibu na shangazi, sio ng'ambo ya meza, akamuuliza ana miaka mingapi, nani anamtegemea, msimu wa mbegu unaanza lini, na hizi milioni nane zikikaa huko mtu akiugua atatoa wapi. Shangazi akajibu moja moja. Alafu akachukua karatasi nyeupe akamchorea habari ya ile 15.95, na nanukuu hesabu yake kwa sababu sijawahi kuiona imeelezwa vizuri hivi hata kwenye semina zetu.

Alisema mama, ile ya 2021 ilishatoka, ukiitaka sasa unanunua kwa mtu aliyenayo, na huyo mtu anajua ni tamu kwa hiyo hakuuzii kwa bei ya kwenye karatasi. Tuseme anataka 110, hiyo ya mfano tu. Maana yake kwa kila milioni moja iliyoandikwa pale unatoa milioni moja na laki moja. Riba inahesabiwa kwenye ile milioni, unapata 159,500 kwa mwaka, sasa igawe kwa hela uliyotoa wewe, sio asilimia 15.95 tena, ni 14.5. Na miaka ikiisha unarudishiwa milioni moja, ile laki haipo. Juu yake kuna riba ambayo muuzaji ameshaikalia siku kadhaa, nayo unamlipa siku ya kununua. Shangazi akauliza, sasa mbona mwenzangu anasema 15.95? Dada akamjibu huyo alinunua mapema kwenye mnada serikali ilipoitoa, hajakudanganya, ni siku zenu tu hazifanani.

Shangazi akaja na swali lingine, kasikia redioni kuna hatifungani ya maji ya Tanga na kuna ya barabara ya Samia, hizo je. Hapo ndo nilisogeza kiti maana hapo ndo kwenye kazi yangu. Dada akasema ile ya Tanga ilitoka 2024, shilingi bilioni 53.12, miaka 10, asilimia 13.5 kwa mwaka, na inalipwa kwa hela ya mapato ya mamlaka ya maji, bili za watu wa Tanga. Kwa hiyo ukiinunua, mama, jiulize watu wa Tanga wanalipa bili au hawalipi. Ile ya Samia ya asilimia 12 kwa miaka 5 aliyetoa ni benki ya CRDB, hela inaenda kukopeshwa wakandarasi wa miradi ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, lakini wewe unayemdai ni benki, sio mkandarasi, mkandarasi akichelewa hilo ni la benki. Dakika mbili, kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, kamaliza jambo ambalo mimi huwa naandikia barua tatu kumuomba mtoaji alieleze vizuri.

Niseme kwa nini hili linaniuma hivi. Marekani mikopo ya nyumba ilifungwa vifurushi, vifurushi vikafungwa tena kwenye vifurushi vingine, mpaka mnunuzi wa mwisho hajui kabisa anamdai nani, na aliyefunga ameshauza katoka na kamisheni yake. Lehman Brothers, benki kubwa ya uwekezaji ya huko, ikaanguka Septemba 2008 na waliopoteza nyumba na akiba ni watu ambao hawajawahi hata kusikia hilo jina. Ndo 2010 wakatunga sheria ya kumlazimisha mfungaji abaki na walau asilimia 5 ya hatari yeye mwenyewe, kwa aina nyingi za vifurushi. Kwetu soko bado dogo, DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, ilianza mauzo 1998 tu, na hizi za kutegemea mapato ya mradi ndo kwanza zinaingia, kwa hiyo tabia tunayoijenga sasa kwenye meza kama ile ya ghorofa ya pili ndo tutakayoishi nayo zikiwa nyingi.

Sasa mapungufu, ukiacha yule kijana. Tuliomba waraka tukapewa wa Kiingereza mtupu, hata muhtasari wa kurasa mbili wa Kiswahili hakuna. Tangu 2021 Kiswahili ndo lugha ya sheria na ya mahakama hapa nchini, sasa mama wa Uyole asaini kitu asichokisoma kwa sababu gani? Dada aliueleza kwa mdomo vizuri sana lakini dada akihama kesho anabaki yule wa asilimia mia. Muhtasari wa Kiswahili sio hisani, ni sehemu ya kumwambia mtu ukweli, na nikirudi kazini hili nitaliandikia dokezo kwa wakubwa wangu.

Kamisheni hawakuitaja mpaka nilipofungua mdomo kwa mara ya kwanza nikauliza. Hawakuficha, walitoa karatasi ya viwango papo hapo, lakini gharama inasemwa kabla mtu hajashika kalamu.

Na taarifa ya akaunti ya CDS, ile inayotunza hatifungani kwa jina lako, ilichelewa. Fomu tulijaza siku hiyo hiyo, kitambulisho cha NIDA, picha, namba ya akaunti ya benki, wakasema siku chache tu. Wiki tatu. Nilipiga simu mara mbili haikupokelewa, ya tatu dada akapokea akaomba radhi na kesho yake ujumbe ukaingia kwenye simu ya shangazi. Kwa mtu aliyetoa akiba yake wiki tatu za kimya ni nyingi mno, alikuwa hali chakula vizuri, kila jioni ananiuliza mwanangu ile hela ipo? Nami namwambia ipo shangazi, ila kumuona vile kuliniumiza.

Mwisho wa siku aliweka milioni tano kwenye mnada wa BoT, yaani Benki Kuu, kwenye hatifungani ya serikali ya miaka 10, kwa sababu anataka riba ya ada za wajukuu na hataki kufa kabla mtaji haujarudi, ni maneno yake. Milioni tatu kabaki nazo za mbegu na dharura, na aliyemshauri hivo ni yule dada ambaye kwa kumshauri hivo kajipunguzia kamisheni yake mwenyewe. Shangazi alimshika mkono akamwambia ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, alafu wiki iliyofuata akamtumia kiroba cha viazi kwa bodaboda. Dada alipiga simu kusema haruhusiwi kupokea kitu cha mteja, wakabishana sana, mwishoe akavilipia kwa M-Pesa kwa bei ya sokoni.

Mkienda nendeni asubuhi kabla ya saa nne, mchana foleni inafika kwenye ngazi, na muombe meza ya pili.