Kipimo cha FIT: rahisi, ila joto hukiharibu

Kwa kusaka saratani ya utumbo mpana, ambayo mara nyingi huwa adenokasinoma (saratani inayoanzia kwenye seli za tezi), kipimo cha FIT, kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho kwenye kinyesi, kinastahili sifa. Kingamwili zake hunasa globini ya binadamu pekee (protini iliyo ndani ya hemoglobini, kitu kinachoipa damu wekundu), hivyo nyama uliyokula haivurugi majibu kama ilivyokuwa kwa vipimo vya zamani vya kemikali. Chokoa kinyesi sehemu kadhaa kabla hakijagusa maji ya choo. Kijiti cha kipimo kijae kinyesi kwenye mifereji yake tu. Adui mkubwa ni joto: hemoglobini huoza, majibu yakaja hasi ilhali damu ilikuwepo. Polipu (kinyama kinachoota ndani ya utumbo) isiyovuja damu nayo hupita kimyakimya, ndiyo maana kipimo hurudiwa kila mwaka au miaka 2. Kikiwa chanya, usirudie FIT, nenda kolonoskopi, yaani uchunguzi wa utumbo mpana kwa kamera. Na kama una dalili, majibu hasi yasikuzuie kumwona daktari.