Tahadhari kwa wanunuzi wa hom thieta: seti za "mzigo uliozidi" zinazouzwa Dar es Salaam

Ndugu zangu wapenzi wa sinema na sauti, ninaandika tahadhari hii nikiwa bado na uchungu, ingawa nimesubiri wiki tatu ili niandike baada ya kuthibitisha kila jambo. Yupo mtu hapa Dar es Salaam anayeuza seti za hom thieta zenye spika tano na sabufa, kwa maelezo kwamba ni mzigo uliozidi hesabu kwenye kontena, naye huzileta kwa gari dogo la mizigo mahali mnapokubaliana. Seti hizo ni maboksi yaliyopewa sura ya spika. Mimi nimelipa shilingi 850,000, na hadi sasa nimezungumza na wenzetu wawili waliolizwa na mtu huyo huyo, mmoja anakaa Mbezi na mwingine Kigamboni. Jina lake na namba yake siviandiki hapa kwa sababu shauri liko polisi, na pia kwa sababu namba ameshaibadilisha mara mbili, hivyo kuwapa namba ya jana kusingewakinga na namba ya kesho. Njia anayotumia ndiyo ambayo haijabadilika, na ndiyo ninayotaka muijue.

Tangazo lake huwa na picha safi za risiva nyeusi (mashine inayopokea sauti, kuikuza na kuigawa kwa spika), spika ndefu nne zilizosimama, spika ya kati na sabufa kubwa, na bei yake haifiki hata nusu ya ile ambayo ungeambiwa dukani Kariakoo. Ukimuuliza sababu, anajibu kwa utulivu kwamba yeye ni dereva wa mzigo, kwamba ghala lilipakia seti mbili zaidi ya zilizoandikwa kwenye hati, na kwamba anataka kuziondoa kabla mwenye mali hajafanya hesabu. Maneno hayo yamepangwa kwa hila, kwa sababu yanakufanya uamini bei ndogo bila kuutilia shaka ubora, na papo hapo yanakuziba mdomo baadaye, maana utaona aibu kwenda kulalamika kuhusu mali uliyoambiwa waziwazi kwamba haikuwa halali. Nakiri kwamba nilipaswa kukataa hapo hapo, na ninaomba asiyenunua bado akatae kwa sababu hiyo tu, hata kabla ya kufikia masuala ya sauti. Hila hii si ngeni duniani. Marekani na Uingereza watu wamepigwa kwa namna hiyo hiyo kwa miaka mingi, muuzaji akiwa na gari jeupe la mizigo na hadithi ileile ya seti iliyozidi.

Tulikutana jioni kwenye eneo la kuegesha magari, kwa kuwa alisema ghalani haruhusiwi kuingiza wateja. Ndani ya gari alikuwa na televisheni ndogo, inveta na flashi iliyojaa filamu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na madijei. Alipandisha sauti, gari likatikisika, spika zote zikalia, nami nikaridhika. Hapa ndipo penye somo kubwa kwa kila mwenzetu, na ningependa nilieleze kwa kirefu.

Mfumo wa chaneli 5.1, yaani wa njia za sauti zilizotenganishwa, una maana mahsusi: chaneli tatu mbele yako, mbili pembeni au nyuma yako, na moja ya besi peke yake, ambayo hubeba sauti nzito zisizozidi hezi 120. Kila chaneli hupewa kazi yake na fundi aliyechanganya sauti ya filamu. Mazungumzo kwa kawaida hukaa kwenye spika ya kati, mvua na upepo hukuzunguka, na helikopta inayotoka nyuma kushoto huanzia nyuma kushoto kabla haijafika mbele. Filamu iliyotafsiriwa na dijei kwa kawaida imeshapoteza mpangilio huo, kwa kuwa sauti ya dijei imepandishwa juu ya ile ya awali na vyote vikabanwa kuwa chaneli mbili. Sisemi hivyo kwa kuzidharau. Nimekua nazo na bado nazipenda sana, na nyumbani kwetu mama hataki kutazama nyingine. Lakini hazifai kupimia hom thieta, kwa sababu mashine itachukua chaneli hizo mbili na kuzirudia kwenye spika zote, nawe utasikia kelele kila upande na kudhani umezungukwa na sinema, kumbe spika zote tano zinasema neno moja.

Nilipofika nyumbani niliweka diski ya filamu ya Gravity ya mwaka 2013, ambayo wengi wetu tunaitumia kupimia kwa sababu sauti za wanaanga humo hazikai katikati kama ilivyozoeleka, bali huhama na kuuzunguka ukumbi kadiri kamera inavyozunguka. Filamu hiyo ilipata tuzo mbili za Oscar za sauti, moja ya kuchanganya na moja ya kuhariri. Nilikaa kwenye kiti, nikazima taa, nikasubiri sauti ipite nyuma ya kichwa changu. Haikupita. Ilikuwa pale pale, kila upande kwa wakati mmoja. Nikajaribu kuchomoa waya wa spika ya kati, jambo ambalo lingepaswa kupunguza maneno kila yanapopita katikati, na maneno yakaendelea bila kupungua. Risiva ile haikuwa na uwezo wa kutenganisha chaneli hata kidogo. Maandishi ya Dolby na DTS, mifumo ya sauti ya kuzunguka, yaliyokuwa usoni mwake yalikuwa stika, nayo ilibanduka kwa ukucha.

Siku ya pili nilimwita fundi ninayemwamini, tukafungua spika moja ya mbele. Kwa nje ilikuwa na macho manne: twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) juu, spika mbili za katikati na moja kubwa chini. Twita ilikuwa ya kweli, ikiwa imeunganishwa kwa kapasita moja ndogo tu. Spika ya kwanza ya katikati nayo ilikuwa ya kweli, ndogo, yenye sumaku isiyozidi kizibo cha chupa ya soda. Nyingine mbili zilikuwa plastiki nyeusi iliyogundishwa kwa gundi moto, hazina koili, hazina sumaku, hazina hata waya wa kuzidanganyia. Chini kabisa ya boksi, chini ya kipande cha sponji, tulikuta tofali dogo la saruji lililomwagwa ndani ya mfuko wa nailoni na kugandishwa kwenye mbao. Kazi yake ni kuongeza uzito, ili mkono wako uamini umebeba spika nzito yenye sumaku ya maana. Fundi alilitoa, akaliweka juu ya meza, na kwa muda hakuna aliyesema neno.

Sasa nizungumzie wati, maana huko ndiko wanakotupatia wengi wetu. Boksi la risiva liliandikwa wati 3,000. Kibandiko cha nyuma, kile kidogo kilicho karibu na waya wa umeme, kiliandikwa kwamba mashine inatumia wati 65. Amplifaya haiwezi kutoa kwa mfululizo nguvu kubwa kuliko inayoipokea ukutani, na sehemu ya nguvu inayopokea hupotea kama joto. Mashine inayokula wati 65 haifiki hata wati 65 kwa spika zote kwa pamoja, sembuse 3,000. Takwimu kubwa za namna hiyo mara nyingi huandikwa kwa kipimo cha PMPO, yaani nguvu ya kilele cha muda mfupi mno, ambacho hakina kanuni moja inayokubalika, wakati kipimo kinachoaminika ni RMS, yaani nguvu ya mfululizo, kikiwa kimetajwa pamoja na omu (ukinzani) za spika na idadi ya chaneli zilizokuwa zikifanya kazi wakati wa kupima. Kabla hujasoma boksi, geuza mashine usome kibandiko cha nyuma.

Mwenzetu wa Kigamboni alipata hasara ya aina nyingine, na inaumiza zaidi kwa sababu mashine yake ilikuwa ya kweli. Aliuziwa risiva iliyotumika kutoka Japani, kampuni nzuri, vifungo vyote vinafanya kazi. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wakati wetu ni volti 230. Muuzaji huyo huyo alikuwa amekata pulagi bapa ya Kijapani na kufunga pulagi yetu ya miguu mitatu, kisha akafuta kwa msasa maandishi ya volti yaliyokuwa nyuma, akamwambia mnunuzi kwamba "imeshabadilishwa". Wakati wa kuionyesha aliiwasha kwa transfoma iliyokuwa imefichwa chini ya kiti cha gari. Nyumbani iliwaka kwa muda mfupi sana, ikatoa harufu ya plastiki inayoungua, ikazima moja kwa moja. Vifaa vya Kijapani vilivyotumika si vibaya hata kidogo, na baadhi ya seti bora ninazozifahamu jijini zimejengwa navyo, ila vinahitaji transfoma ya kushusha umeme hadi volti 100, tena yenye uwezo unaozidi matumizi ya mashine. Ukiona sehemu ya volti imekwanguliwa au imefunikwa kwa stika, acha.

Kwa hiyo ninawaomba mtu asinunue seti yoyote, iwe ya dukani au ya mkononi, kabla ya kuipima kwa filamu yake mwenyewe aliyokuja nayo. Mimi sasa ninatembea na diski tatu. Ya kwanza ni hiyo ya Gravity kwa ajili ya sauti inayozunguka. Ya pili ni Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015, ambayo nayo ilichukua tuzo zote mbili za Oscar za sauti, ngoma na injini zake zinaonyesha mara moja kama sabufa inashuka kweli au inavuma tu kama pipa. Ya tatu ni A Quiet Place ya mwaka 2018, kwa sababu ukimya wake ni mwingi kiasi kwamba mlio wowote wa umeme kwenye amplifaya mbovu utausikia. Muuzaji wa kweli hatachukia ukimwomba dakika ishirini. Aliyeniuzia mimi alisema diski haiwezi kuchezwa pale kwa kuwa kichezeshi amekisahau, na mimi nikamkubalia.

Risiva nyingi za kweli zina jaribio la chaneli ndani ya menyu, ambalo hutoa mlio kama wa mvua kwenye spika moja baada ya nyingine. Mlio huo ukitoka kwenye spika zote kwa pamoja, au menyu hiyo ikikosekana kabisa, shaka yako iwe na nguvu. Kwa spika zisizo na amplifaya ndani yake, chukua betri ya kawaida ya volti 1.5, gusisha waya zake kwenye vituo vya spika kwa sekunde moja tu, huku ukitazama karatasi za spika baada ya kuondoa kitambaa cha mbele. Spika hai itasogea na kutoa mdundo mdogo. Ya plastiki itabaki kimya kama ukuta. Kama risiva ina jina la kampuni inayojulikana, tafuta uzito wake kwenye tovuti ya kampuni hiyo na ubebe mzani mdogo wa mizigo. Uzito ukizidi au ukipungua sana, usilipe.

Kuhusu malipo, alitaka nitume kwa namba binafsi ya simu. Jina lililotokea kabla ya kuthibitisha muamala halikuwa jina alilonitajia, akasema ni la mke wake. Msikubali maelezo hayo. Dai lipa namba yenye jina la biashara, na dai risiti ya EFD, kwa kuwa bila risiti hata jirani wa duka atakukana. Kama tayari umetuma, piga simu mara moja kwa huduma kwa wateja ya mtandao wako, maana fedha zikiwa hazijatolewa kuna nafasi ya kuzizuia, na namba iliyotumika kutapeli iripoti kwenda 15040. Bidhaa bandia zenye nembo za kampuni halisi zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, nayo inapokea malalamiko ya mnunuzi wa kawaida. Nimeshapeleka kwao picha za ile stika na za kile kibandiko.

Polisi nilikwenda siku ya nne, nikapewa RB, yaani namba ya taarifa yangu kwenye kitabu cha polisi. Askari aliyenisikiliza aliniambia kwamba shauri lenye mlalamikaji mmoja hutembea taratibu, lakini walalamikaji kadhaa wenye maelezo yanayofanana huliongezea uzito. Yeyote aliyenunua seti ya namna hii tangu mwanzo wa mwaka, hata kama aliona haya kusema, namwomba anitumie ujumbe wa faragha akiwa na ujumbe wa muamala, picha ya tangazo na picha ya nyuma ya risiva. Asilitupe boksi, na kama hajafungua spika asizifungue peke yake; tufungue pamoja mbele ya fundi, tupige picha kila hatua. Spika yangu moja bado iko wazi juu ya meza, na lile tofali nimelihifadhi kwenye mfuko wake.