Mtaro wa maji mbele ya gereji, Muyeye: kazi niliyoilipia mara mbili

Nyumba yetu ya Muyeye, hapa Malindi, iko chini kidogo ya barabara, na kila masika, hasa mwezi wa Mei, maji yalikuwa yakiteremka juu ya kabro, yale matofali ya zege ya kupangwa chini, hadi mlangoni mwa gereji. Nilinunua mtaro wa plastiki ngumu wenye wavu wa chuma juu, ule unaouzwa kwa vipande vya mita 1, nikachukua vipande 4 vya kukingama njia nzima ya gari. Kifaa chenyewe sina neno nacho, isipokuwa skurubu zake, nitakazozitaja.

Fundi wa kwanza alikata kabro zilizokwisha kupangwa, akauingiza mtaro katikati yake. Siku ile kazi ilipendeza macho. Lakini kandokando ya wavu alikuwa amejazia vipande vyembamba kama kidole gumba, amevikalisha juu ya mchanga mtupu, na gari lilipopita kwa miezi michache vilianza kucheza, kisha vikang'oka kimoja kimoja. Tena wavu ulikuwa umepanda juu kuliko kabro, hivyo maji yalituama ubavuni mwake badala ya kuingia.

Fundi wa pili, ambaye nampa sifa zote, aliufanya mtaro kuwa mwanzo wa kazi. Alifumua kabro nusu mita kila upande, akavuta kamba, akamwaga zege la unene wa sentimita 10, akakalisha vipande kwa pima maji akivipa mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita kuelekea shimo la kunyonya maji, kisha akavishika kwa zege ubavuni. Muda wote huo wavu ulikuwa mahali pake, umefunikwa karatasi ya nailoni, kwa sababu mtaro ulio wazi hubanwa na zege ukapinda, na wavu ukakataa kurudi. Safu ya kwanza aliipanga kwa kabro nzima, sambamba na mtaro, juu ya saruji mbichi wala si mchanga, uso wake ukizidi wavu kwa milimita 3 hadi 5. Kabro za kukatwa alizisogeza mbali na wavu, zikakutana na mpango wa zamani.

Nilipomwonyesha pengo dogo lililobaki, nikitaka alizibe, alinijibu, "Mzee, kipande kisichofika theluthi ya kabro hakikai. Tutakata na jirani yake, viwe vikubwa vyote viwili." Vumbi la mashine ya kukatia aliliosha papo hapo, maana likikauka juu ya kabro huacha madoa.

Gari nililiegesha nje wiki nzima zege likomae, jambo ambalo yule wa kwanza hakulitaja kabisa. Skurubu zilizokuja na wavu zilishika kutu kwa upepo wa bahari kabla ya mwaka kwisha, nikanunua za chuma kisichoshika kutu. Anayeishi karibu na pwani kama mimi azibadilishe siku ya kwanza. Masika iliyofuata gereji ilibaki kavu. Linalonikera ni rangi tu: kabro chache tulizoongeza bado ni nyekundu mno kando ya zile zilizopaushwa na jua.