Sindano za T-VEC: dawa naisifu, yule nesi hapana

Tangu kabla ya Ramadhani nimekaa na hasira hii kifuani. Leo naitoa.

Melanoma yangu, saratani ya ngozi, ilianzia chini ya wayo, mahali inapotupata sana sisi weusi na ambapo hakuna anayepatazama. Wakakata, pakapona. Baadaye vikaota vipele vyeusi, vigumu kama kunde, vikipanda muundi kuelekea goti. Vilikuwa vingi mno kukatwa kimoja kimoja. Daktari wangu hapa Uingereza akashauri T-VEC: virusi vya malengelenge ya mdomoni vilivyobadilishwa maabara, vinadungwa ndani ya kipele chenyewe viipasue saratani na kuamsha kinga ya mwili. Nilielewa, nikakubali. Hata homa na baridi ya usiku ule wa kwanza nilivumilia.

Niliporudi kwa sindano ya pili, baada ya wiki 3, nesi alifungua mlango, watu wamejaa wanasubiri, akapaza sauti: "Yule mwenye hapesi aingie!"

Hapesi! Ndilo jina la virusi vile, ila wengi wakilisikia huwaza ugonjwa wa zinaa. Mama aliyekaa kando yangu alimvuta mwanawe. Niliingia nimeinamisha uso kama mwizi. Glavu alizovaa sizilaumu, virusi vile ni hai na nesi mjamzito hatakiwi kuvigusa kabisa. Lakini glavu hazimzuii mtu kukusalimu. Nikamuuliza nyumbani nijilinde vipi, akanisukumia karatasi: "Soma."

Kwa hofu aliyonitia, nilimkataza binti yangu chumba changu wiki nzima. Kumbe ilitosha kufunika vidonda vizuri, asiviguse, na bendeji chafu nizifunge mfukoni kabla ya kutupa. Wiki nzima mtoto analia mlangoni! Hilo sisamehe.

Nyota moja, basi.

Ila nikisema moja naidhulumu dawa. Vipele vilivimba kwanza, nikadhani imeshindwa, kisha vikaanza kusinyaa. Vitatu karibu na kifundo vimebaki madoa tu. Kimoja cha gotini bado kigumu, na daktari ameshanitajia njia nyingine, dawa ya saratani iitwayo bleomisini pamoja na mipigo ya umeme. Kwa dawa, nne. Kwa daktari, tano, alinieleza kila kitu bila haraka.

Lakini pale mlangoni sitoi hata nusu. Sindano sasa ni kila wiki 2, na zamu ijayo mume wangu atakuja nami. Nesi akiita tena vile, sisimami mpaka aniite kwa jina langu.